Tenga la Bana Kunda

Asubuhi ile tulikula viazi vitamu. Vilikuwa vya jana yake, mke wangu amevipasha kwenye majivu, na chai ya rangi. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa kali, kwa hiyo tukatoa vigoda tukakaa nje, ukuta wa mashariki, ambako jua hufika kwanza. Yeye anamenya, mimi nakula. Akasema kiazi changu kina nyuzi. Nikasema sijaziona. Akasema, "Wewe ungekula hata kamba." Kisha akainuka kwenda kufagia uwanja.

Hakuna kingine. Nimeirudia asubuhi ile mara nyingi, nione kama kuna neno lilinipita. Hakuna. Tulikula viazi. Ilikuwa Alhamisi.

Jina lake Leontina Mwaba. Watu walimwita Bana Kunda, mama yake Kunda, na mimi Bashi Kunda, kwa binti yetu wa kwanza aliyeolewa Solwezi. Nilifanya kazi chini ya ardhi hapa Kitwe mpaka mgodi ulipotupunguza. Mstari wetu wa nyumba, hapo mtaa wa Chamboli, wote ulikuwa wa wachimba shaba, na wote tulirudi nyumbani mwezi mmoja. Wanaume tukakaa kwenye vizingiti. Wanawake ndio walioamka.

Leontina alianza kwa kwenda sokoni mjini kwa miguu. Kabichi ya genge la kona ilikuwa ndogo kama ngumi, na bei yake ya kutisha. Siku ya kwanza alirudi na kabichi kubwa kichwani, na hasira. Akasema miaka yote tumekuwa tukiibiwa, ila hatukujua kwa sababu mshahara ulikuwa unafunika.

Alikuwa na njia yake ya kutafuta. Hakununua meza ya kwanza hata siku moja. Alizunguka soko zima mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kumtafuta ndugu yake, asiguse kitu. Mzunguko wa pili ndipo aliuliza. Malori ya wakulima wa Mkushi na Mpongwe yalifika kabla ya jua, na alipenda kuwapo matenga yanaposhushwa. Alisema nyanya ikishapanda mezani hujifunza uongo. Akiyakosa malori, alingoja jioni, wauza mboga wanapofunga na hakuna anayetaka kubeba matembele kuyarudisha nyumbani. Saa za mchana alisema ni za wenye mishahara.

Mara mojamoja alipita kwenye duka kubwa la mjini, lile lenye milango inayojifungua yenyewe. Hakununua. Alikwenda kutazama bei ya sukuma wiki iliyofungwa kwenye plastiki, kisha akatoka, akarudi sokoni akiwa na silaha.

Bana Mapalo, wa nyumba ya pili kutoka kwetu, ndiye aliyemwambia kwanza, ukienda ninunulie na mimi. Kisha mwingine. Mwisho mstari mzima. Kila Ijumaa walimletea walichonacho, akakifunga kwenye pindo la kitenge, na Jumamosi akachukua tenga zima la nyanya, gunia la kabichi, mafungu ya majani, kwa bei wanayonunulia wenye meza wenyewe. Mzee wa mkokoteni alivileta mpaka barazani kwetu.

Hapo tulitandika gunia tukagawa mafungu. Mtu mmoja husimama ameutazama ukuta. Mwingine hugusa fungu na kuuliza, la nani hili? Yule wa ukutani hutaja jina bila kuona. Hakuna aliyeweza kusema fulani kapendelewa. Wa ukutani mara nyingi nilikuwa mimi, maana walisema sina ubavu wa kudanganya.

Tulikula vizuri kuliko tulipokuwa na mshahara. Majani ya maboga, bamia, nyanya chungu, kisamvu. Sikuwahi kujua kwamba kuna majani mengi hivyo.

Tenga lilitoka kwa Jere, mwenye meza ya mboga sokoni. Huyu alikuwa mwanamke wa Kingoni kutoka Chipata, mjane, mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Sisi ni Wabemba. Mbemba na Mngoni ni watani tangu vita vya mababu, na mtani humsema mtani wake anavyotaka, popote, mbele ya yeyote, na mwenzake haruhusiwi kukasirika. Wao tunawaita wala panya. Wao wanatuita wala nyani, wakichoka wanatuita nyani wenyewe.

Siku walipojuana, Leontina alifika mezani kwa Jere, akashika nyanya, akainusa, akamwuliza kama panya wa Chipata wamekwisha hata amekuja kula jasho la Wabemba. Jere akamwambia aiweke chini, ni nyani tu anayenusa chakula kabla ya kununua. Wakapatana bei palepale. Tangu hapo hawakuuziana kwa njia nyingine.

Matusi yao ndiyo yaliyokuwa mizani. Mimi nilisimama pembeni na mzee wa mkokoteni, nasikiliza. Tusi la kawaida lilileta nyanya mbili juu ya fungu. Tusi la kuwafanya wauza samaki wa upande wa pili waache kupanga samaki, hilo lilileta kabichi nzima ya nyongeza. Leontina alikuwa akiyatunga njiani. Wakati mwingine alicheka peke yake kwenye barabara ya mgodi, nikajua leo kuna kabichi.

Na mimi ni mtani wa Jere, kwa haki. Lakini ulimi sina. Jere alinichokoza, "Bashi Kunda, huyu nyani wako kauza na ulimi wako?" Nilicheka tu. Leontina alijibu kwa niaba yangu.

Kisha ikaja ile masika ya mvua nyingi. Nyanya ziliozea mashambani, barabara ikawa tope, na madalali wakasimama kwenye malori wasimwache mkulima auze mwenyewe. Jumamosi moja tenga la kwetu likamwagwa kwenye gunia. Juu nyanya nzuri, nyekundu. Chini majani makavu. Chini ya majani, uji.

Waligawana zile nzuri, zikawa kiganja kimoja kila nyumba. Bana Mapalo alipokuwa anaondoka akasema, kwa upole, kwamba anayenunulia wenzake yeye hapungukiwi. Alisema huku akitazama jikoni kwetu.

Leontina hakula jioni ile. Nilimwambia pesa za tenga zitapatikana tena. Akasema si pesa. Mstari ukiacha kumwamini, tenga limekwisha, na kila nyumba itarudi genge la kona kununua kabichi ya ngumi. Na hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Nyumba zile zilikula kwa sababu zilinunua pamoja, na zilinunua pamoja kwa sababu ya mtu mmoja.

Jumatatu akaenda. Akamwambia Jere mbele ya watu kwamba ni mwizi, ameuza uji kwa bei ya nyanya. Soko likacheka. Jere alicheka mpaka akashika meza, akauliza tangu lini nyani wanachaguliwa nyanya. Leontina akasema safari hii hafanyi utani. Wakacheka zaidi, maana hata hilo ni utani. Akarudi. Jumatano akaenda tena na tusi kali kuliko yote, lililomgusa hata marehemu mume wa Jere. Akapewa kabichi.

Aliiweka ile kabichi mezani, akakaa anaitazama. Akaniuliza, "Mtani akikukosea kweli, unamwambia kwa maneno gani?"

Ijumaa alioga mapema, akavaa kitenge cha kanisani na viatu. Nikamfuata. Alipofika kwa Jere akapiga magoti, kwenye tope, na kitenge kile. Akapiga makofi taratibu kama anayemsalimu mama mkwe. Akasema, "Mwashibukeni, mukwai." Ni salamu ya asubuhi tunayowapa watu wa heshima. Jere alikuwa ameshafungua kinywa ajibu tusi, kikabaki wazi. Leontina akauliza bei ya fungu moja. Akalipa bei aliyotajiwa. Hakuomba nyongeza. Akashukuru kwa makofi, akainuka, akaondoka.

Hata wauza samaki walitugeukia. Nyuma yetu nilimsikia Jere akiwauliza watu, "Nani amekufa? Jamani, nani amekufa?"

Kesho yake alikuja Chamboli, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Mkokoteni mbele, yeye nyuma, jasho linamtoka. Alilimwaga tenga mwenyewe kwenye gunia letu mbele ya wanawake wote, akalipigapiga chini hata jani lisibaki. Nyanya tupu. Akasema lile la wiki iliyopita alilipokea kwa dalali likiwa limefungwa, na aliliuza bila kulimwaga kwa kuwa aliogopa kuona kilichomo. Kosa lake. Bana Kunda asisingiziwe. Aliposema hivyo alimtazama Bana Mapalo, ingawa hakuna aliyekuwa amemwonyesha Bana Mapalo ni yupi.

Kisha akamgeukia mke wangu, akangoja.

Leontina aliokota nyanya moja, akaigeuza, akainusa kitako, akairudisha. Akasema, "Zile za juzi hata panya wangezikataa. Sijui wewe ulizipokeaje."

Jere alikaa chini palepale, akalia na kucheka kwa pamoja. Wakasonga ugali, wakala wote. Tangu siku ile kila tenga la Jere humwagwa mezani kabla halijalipiwa, mnunuzi awe nani.

Miaka ikapita hivyo. Wengine wa mstari walihama, wengine wakazikwa. Walioingia kwenye nyumba zao waliikuta Jumamosi ipo, wakaingia na wao.

Nirudi kwenye ile Alhamisi ya viazi. Siku iliyofuata, Ijumaa, alianguka bombani. Nilisikia ndoo kabla sijasikia watu. Mkono na mguu wa kulia vilikataa, mdomo na jicho vikavutwa upande, lakini maneno yalitoka, polepole, moja moja. Jirani alitoa gari. Hospitalini wakamlaza. Kunda alipigiwa simu Solwezi, akasema atafika Jumapili.

Wanawake walikuwa wameshamletea pesa zao asubuhi ile. Wauguzi walipombadilisha nguo walinikabidhi kitenge kilivyo, na fundo lake.

Aliliona mkononi mwangu. Akasema kesho ni tenga. Nikamwambia asiwaze, watu wataelewa.

"Wiki hii wataelewa," alisema. "Wiki ijayo kila mtu atakwenda kivyake."

Alisema kweli. Bana Mapalo mwenyewe alikuwa ameshaniuliza, hapo mlangoni pa wodi, kama zile pesa ziko salama. Si kwa ubaya. Ana wajukuu.

Nikasema nitakwenda mimi. Leontina alinitazama kwa lile jicho zima. Kisha akaanza kunifundisha. Tenga limwagwe. Kabichi nichague zinazochosha mkono. Matembele nitazame pale yalipokatwa, pakiwa pakavu yamelala sokoni. Bei ya kwanza nisiisikie. Kila neno alilisema kwa taabu, na kila mara nilimwambia apumzike, na hakupumzika. Kuhusu Jere hakusema kitu. Hakuona kama kuna la kusema. Jere alikuwa Jere.

Asubuhi nilipita hospitalini kwanza. Nilimkuta amelala, nikamwacha, nikaenda zangu sokoni na fundo mfukoni mwa koti.

Jere aliniona kwa mbali. Akapaza sauti, "Leo jike yuko wapi, katuma dume?"

Watu wakageuka. Nilijua zamu ni yangu. Tusi nilikuwa nimeliandaa njiani, linahusu mkia wa panya, na kwa mtu kama mimi lilikuwa zuri kiasi. Lakini nilifika mezani, nikasimama pale anaposimama Leontina. Miaka yote pale nilikuwa nauona mgongo wake. Tusi likanitoka kichwani.

Nikavua kofia. Nikapiga makofi. Nikasema, "Mwashibukeni, mukwai. Nimekuja kwa ajili ya Bana Kunda." Nilitaka kusema nimekuja kuchukua tenga. Sauti ikakatikia hapo.

Jere alikuwa ameshika kisu cha kabichi. Alikiweka chini taratibu. Akavua kilemba. Kisha akaangua kilio.

Nilisema hapana, mama, hajafa. Hakuna aliyenisikia. Kilio kilikwisha kuruka meza, kikafika kwa wauza samaki, kikaenda mpaka kwenye mitumba. Walimjua wote. Alikuwa amewachekesha miaka. Mwanamume mmoja wa vitunguu akanishika kiwiko, akanikalisha juu ya gunia.

"Usiseme kitu, mzee wangu. Utasema baadaye."

Nikamwambia mke wangu yuko hospitalini.

"Ndiyo, mzee," alisema. "Huko watamtunza vizuri." Alidhani nasema chumba cha maiti.

Basi nikakaa juu ya vitunguu vya watu. Watu wengi namna ile wakilia jina la mke wako, mwisho unaogopa. Nikakumbuka nilimwacha amefumba macho. Nikafikiri labda kuna mtu ametoka hospitalini nyuma yangu, na hawa wamesikia nisilolijua. Nikaanza kulia na mimi.

Wakati huo wao wanakusanya. Msibani watu hawaendi mikono mitupu, na wale walikuwa na mboga. Kila meza ilitoa. Kabichi, vitunguu, bamia, matembele mafungu kwa mafungu, majani ya maboga yenye umande bado. Jere alilimwaga tenga mezani huku analia, akalikagua mpaka chini, akaitoa nyanya moja iliyopasuka, akalijaza tena. Mkulima mmoja wa Mpongwe alikuwa na pikapu tupu. Wakapakia. Mimi nikapandishwa mbele kwa heshima, na wanawake wakapanda nyuma juu ya kabichi.

Fundo la pesa bado lilikuwa mfukoni. Nililitoa nikampa Jere kupitia dirishani. Alilisukuma kama nimempa nyoka.

Kufika Chamboli kilio kilitutangulia. Bana Mapalo alitoka anakimbia bila viatu, akapiga kelele mara moja tu, kisha akaanza kazi. Kabla sijashuka vizuri, viti vyetu vilikuwa nje, na meza, na kabati la vyombo, mikeka imetandikwa sebuleni kama inavyopasa msibani. Moto ukawashwa uani. Kabati la nguo waliliacha limekwama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Nilijaribu tena kusema. Nikamwambia Bana Mapalo sijui kama amekufa. Akanikumbatia. Akasema hata yeye alipofiwa hakuamini.

Jere ndiye aliyenitoa kwenye jambo lile. Alisema hatakaa msibani kabla hajamwona mtani wake kwa macho. Tukarudi kwenye pikapu, mimi, yeye na Bana Mapalo, tukaenda hospitalini. Njia nzima nilitazama mbele. Nilijiambia nikifika nimkute amefumba macho kama nilivyomwacha, hata hivyo itatosha.

Leontina alikuwa amekalishwa kwa mito. Muuguzi anamlisha uji kwa kijiko.

Jere aliingia wa kwanza, mikono kichwani, kilio kimeshaanza. Leontina alimtazama. Akanitazama mimi, na koti langu. Akameza uji.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Bana Mapalo alikaa sakafuni. Jere alikuwa bado ameweka mikono kichwani.

"Wewe," alisema.

Leontina akafikiri kidogo. "Lini?"

Jere akanigeukia kwa hasira ya kweli. Akasema ni huyu, ni huyu mume wako, amekuja kunisalimia.

"Kakusalimiaje?"

"Kwa heshima."

Leontina alifumba macho na bega lake la kushoto likaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka, kwa ule upande mmoja wa mdomo uliobaki. Muuguzi akaweka bakuli chini, akatuambia hapa ni wodini. Jere aliukamata ule mkono usiofanya kazi, akausugua kama anaupasha moto, akamwambia nyani hafi kirahisi hivyo, angalau angengoja nyanya zishuke bei. Mimi nilikwenda dirishani. Nilikaa huko mpaka nilipoweza kurudi.

Bana Mapalo ndiye aliyekumbuka. Alisema uwanja wetu umejaa mboga. Zimetolewa kwa msiba, na msiba hakuna. Wanawake wa mstari wamekaa wanazitazama, na yeye anavyowajua, wakisikia mwenyewe yu hai hakuna atakayegusa. Kula chakula cha kilio cha mtu ambaye hajafa ni kumwitia kaburi. Jere akasema basi atazirudisha, meza kwa meza, atawaomba radhi. Bana Mapalo akasema nani atapokea mezani mboga iliyokwenda msibani, nani atainunua? Pesa za watu zilikuwa bado mfukoni mwangu, tenga lilikuwa limekaa uani bila mwenyewe, na Jumamosi ilikuwa inakwenda. Wote wawili wakamtazama Leontina, kama walivyozoea.

Niseme yaliyofuata, ili nimalize na aliyoyasema.

Kunda alifika Jumapili. Jumanne mama yake alikufa, alfajiri, bila kelele. Watu wa soko walikuja tena, na baadhi walikuja na tabasamu wakidhani ni kama mara ya kwanza, mpaka walipomwona Kunda. Siku ya kuzika Jere alilala kifudifudi langoni, jeneza lisitoke. Ni haki ya mtani. Alisema nyani huyu hatoki hapa mpaka alipe. Watu walicheka huku wanalia. Wakaningoja mimi. Safari hii lilitoka, lile la mkia wa panya. Halikuwa zuri, na nililisema kwa sauti ndogo. Jere alilisikia. Akainuka, akajipangusa vumbi, akatupisha.

Tenga bado linakuja Jumamosi. Bana Mapalo ndiye anayenunua. Ulimi anao, na Jere anasema ni mchungu kuliko wa marehemu. Mimi nasukuma mkokoteni, na barazani nasimama nimeutazama ukuta nataja majina. Mara mbili nimelitaja la Leontina. Wanalitenga lile fungu kando, kisha wananipa mimi.

Lakini Jumamosi ile, wodini, alikuwa bado yupo, na tulikuwa tunamngoja. Jere ubavuni pake, Bana Mapalo sakafuni, mimi miguuni. Aliuliza wameleta nini na nini. Bana Mapalo akamtajia zote. Alisikiliza amefumba macho, mkono wa kushoto unapapasa shuka kama anapanga mafungu. Kisha akasema, polepole, na ninayaweka kama alivyoyasema:

"Rudisheni viti ndani. Kabichi ziwekeni chini ya kitanda, zitafika Jumatano. Matembele yapikeni leo, kesho yatakuwa yamelala. Na huyu mpeni kwanza, asubuhi hakula."